Shamba la Baba au Mfuko wa Halmashauri: Nani Amwekee Kijana Msingi wa Maisha Nyanda za Juu Kusini?

Katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, swali la nani anapaswa kumhakikishia kijana mahali pa kuishi na fedha ya kuanzia maisha huulizwa katika sehemu mbili tofauti. Wazee huliuliza nyumbani, siku ya kugawa shamba, pale mtoto wa nne anapogundua kwamba kipande kilichobaki kiko bondeni na kina maji mwaka mzima. Vijana huliuliza katika korido ya ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii, wakisubiri kujua kama andiko la kikundi chao la kuomba mkopo wa halmashauri limepita. Makala haya yanaziweka pande hizo mbili sambamba, kwa ajili ya mzazi anayepima atumie wapi kidogo alicho nacho, na kwa ajili ya kijana anayetaka kujua ni kipi kinachofaa kusubiriwa na ni kipi kisichofaa.

Kisheria, hakuna upande uliofungwa kamba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, lakini mtoto anayezungumzwa humo ni mwenye umri chini ya miaka 18. Katiba, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi na kujipatia elimu, lakini ibara ya 7 inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 nayo humhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Kati ya miaka 18 na 35, basi, kuna miaka 17 ambayo mtu anatambuliwa rasmi kuwa ni kijana, na hakuna anayeweza kupelekwa mahakamani kwa kutomsaidia. Kinachobaki kulinganishwa ni uwezo na nia.

Alicho nacho mzazi

Nguvu ya mzazi wa nyanda hizi ni ardhi, na ardhi ina sifa ambayo mkopo wowote wa serikali hauna: haitozwi riba, haina fomu, na huweza kutolewa siku ileile ambayo kijana anaonyesha kwamba ametulia. Mzazi anamjua mtoto wake. Anajua yupi atalima na yupi atauza kabla mvua hazijaanza, na anaweza kumpa mmoja shamba na mwingine ada ya chuo cha ufundi bila kuitisha kikao cha tathmini. Hakuna halmashauri yenye ujuzi wa aina hiyo.

Hesabu ya ardhi, hata hivyo, haina huruma. Chukua familia ya Rungwe yenye ekari nne na watoto sita. Kila mmoja akipata sawa, anaondoka na theluthi mbili za ekari. Kipande hicho bado kina maana, kwa sababu parachichi za Hass zilizobebeshwa, zikipandwa kwa nafasi ya mita saba kwa saba, huingia miche 50 na kidogo na huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Lakini kila mmoja wa hao sita akizaa watoto wanne, mjukuu atapata sehemu ya sita ya ekari, ambayo ni kiwanja kizuri cha nyumba na bustani ya mboga, na hapo habari ya shamba imekwisha. Mzazi anayesema serikali haihitajiki kwa kuwa yeye aliwekewa msingi na baba yake anasahau kwamba baba yake alikuwa na vya kugawa.

Udhaifu wa pili ni wa karatasi, na huu nauona kuwa mbaya kuliko udogo wa shamba, kwa sababu unazuilika. Mashamba mengi hutolewa kwa mdomo tu, na yanayoandikwa huandikwa kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari: baba fulani amempa mwanawe fulani shamba lenye mipaka ifuatayo, mashariki mti wa mkaratusi, magharibi mfereji, kaskazini shamba la shemeji, kusini njia ya ng'ombe. Chini kuna sahihi mbili, dole gumba moja la wino wa zambarau na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji uliopigwa nusu. Baada ya miaka kumi mkaratusi umekatwa ukawa nguzo, mfereji umefukiwa, shemeji amehama na njia ya ng'ombe imekuwa barabara ya bodaboda. Kijana aliyejenga vyumba viwili juu ya karatasi hiyo hugundua siku ya arobaini ya baba yake kwamba kaka zake wanaihesabu nyumba yake kuwa sehemu ya mirathi.

Sheria imetoa dawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu mtu, au watu kwa pamoja, kupewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila kupitia Halmashauri ya Kijiji, na hati hiyo ni uthibitisho wa kisheria kama zilivyo hati nyingine. Anayependa njia ya wosia naye anapaswa kuujua uzito wake: kwa kanuni za sheria ya kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, na maneno ya mzee aliyoyasema hospitalini mbele ya mke na mtoto mmoja hayafiki hapo. Kati ya wosia na kumpa kijana ardhi yake mapema huku mzazi angali hai, nachagua la pili bila kusita, kwa sababu anayepinga hupinga mbele ya aliyetoa, na aliyetoa anaweza kumjibu.

Binti mbele ya ukoo

Iwapo kuna mahali ambapo serikali inamzidi mzazi waziwazi, ni hapa. Binti wa familia nyingi za nyanda hizi huambiwa kwamba ardhi yake iko kwa mumewe. Akifika kwa mume, huambiwa kwamba ile ni ardhi ya ukoo wa mume. Akiachika au akifiwa na mume, hurudi nyumbani na kukuta kaka ameshapanda miti hadi mlangoni pa jiko. Kanuni zilezile za 1963 ziliwaweka watoto wa kike katika daraja la mwisho la urithi, nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume na nyuma ya watoto wengine wa kiume.

Sheria zilizofuata zimepiga hatua kubwa kuliko koo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri lililotoka Kagera, iliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mfuko wa halmashauri, pamoja na kasoro zake nitakazozieleza, haumuulizi binti ni wa ukoo gani wala kama ameolewa. Mzazi mwenye watoto wa kike anayesoma makala haya akitafuta pa kuanzia, aanzie kwenye jina la binti katika hati, kwa kuwa mtoto wa kiume atapata sehemu yake hata kama baba hakufanya lolote, na binti hatapata.

Miti

Mufindi, Kilolo na Njombe kuna aina ya akiba ambayo mikoa mingi haina. Mzazi mwenye ekari moja isiyofaa kwa mahindi hupanda misindano mtoto anapozaliwa, kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, na kupata miche takribani 450. Misindano ya mbao huhitaji kati ya miaka 18 na 25 ili ikomae vizuri, muda ambao unalingana kwa karibu sana na umri wa mtoto kumaliza shule na kutafuta pa kuanzia. Msitu wa serikali wa Sao Hill uliwaonyesha wakulima wa Mufindi kwamba miti ni mali, na kuanzia mwaka 2014 programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoendeshwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, iliwasaidia wakulima wadogo kuunda vyama na kupata mbegu bora. Hapa serikali ilifanya jambo la busara: ilimwezesha mzazi kutoa zaidi, bila kujaribu kukaa mahali pake.

Tatizo la miti ni subira na moto. Ada ya chuo ikibana, au mgonjwa akilazwa, mnunuzi wa Mafinga huja na fedha taslimu kwa miti ya miaka tisa, na msitu uliokusudiwa kuwa nyumba ya kijana huwa mbao nyembamba za kufungia maboksi. Moto wa kuandaa mashamba mwezi Septemba na Oktoba huweza kuchoma miaka kumi na mitano kwa mchana mmoja. Mzazi asiweke akiba yote ya mtoto katika miti, na asipande ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu zinazohatarisha eneo hilo, na miti hiyo inaweza kuamriwa kung'olewa kabla haijamfaa mtu.

Ilicho nacho serikali

Kwa upande wa mtaji, ahadi kuu ya serikali kwa kijana wa mtaani ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018 kwa mgawanyo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwezi Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi za usimamizi na marejesho, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kijana wa Ilomba au Uyole asidharau fedha isiyo na riba, kwa kuwa anayekopa mtaani hulipa riba ya mwezi ambayo benki ingeona aibu kuitoza kwa mwaka.

Hata hivyo, mkopo huu una umbo ambalo halilingani na hitaji la nyumba. Hutolewa kwa kikundi, wakati maisha ya kijana ni ya mtu mmoja. Vijana watano wanaonunua bajaji mbili hukubaliana vizuri hadi siku ya kwanza ambayo bajaji moja inahitaji injini, na hapo swali la nani alikuwa anaendesha hugeuka kuwa swali la nani atalipa rejesho. Marejesho huanza mapema, wakati mradi wa kilimo bado haujatoa kitu. Wala fedha hiyo haikusudiwi kujenga wala kununua kiwanja. Ni mtaji wa biashara ndogo, na anayeutarajia uwe zaidi ya hapo ataumia. Programu ya Jenga Kesho iliyo Bora, inayojulikana zaidi kama BBT, ilikuja na wazo la ujasiri zaidi kwa kuwapa vijana mashamba makubwa yaliyoandaliwa kwa umwagiliaji, lakini ilianzia Dodoma, na kijana wa Ileje anayeitegemea anapaswa kuwa tayari kuhama.

Katika elimu, serikali imeshinda na sioni haja ya kukaa sana hapo. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Ng'ombe ambaye zamani angeuzwa kwa ajili ya ada sasa anaweza kubaki zizini hadi mtoto anapohitaji kuezeka.

Nyumba ndipo serikali ilipo dhaifu kuliko mahali pengine pote. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, na Benki ya Nyumba iliyoanza mwaka 1973 ilifungwa mwaka 1995. Leo mkopo wa nyumba hupatikana katika benki za biashara, kwa riba ambayo kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue mwalimu kijana aliyepangiwa Mbarali, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukata asilimia 15, yaani 120,000. Mfuko wa pensheni hukata asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya hukata asilimia 3, yaani 24,000. Zinabaki 616,000 kabla ya kodi. Akikopa milioni 30 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 17, rejesho la mwezi ni kama shilingi 440,000, na hadi anamaliza atakuwa amelipa zaidi ya milioni 105. Benki haitamkopesha, kwa sababu mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake, na huyu angebaki na 176,000 kabla hata ya kodi. Tena huyu ni mwenye ajira ya kudumu, ambaye vijana wengine wa Mbarali humwona kuwa amefika.

Ndiyo maana nyumba za vijana wa Mbeya hujengwa kwa namna ileile tunayoiona tukipita Mbalizi na Nsalaga: msingi mwaka huu, tofali za kuchoma mwaka ujao, kisha kuta zinakaa bila bati misimu mitatu huku mahindi yakiota sebuleni. Mjenzi huyo halipi riba kwa mtu yeyote. Analipa kwa muda, na kwa tofali zinazomomonyoka, na kwa kodi ya chumba anachoendelea kupanga huku nyumba yake ikiota nyasi.

Wapo wanaotaja Singapore kama ushahidi kwamba serikali inaweza. Ni kweli kwamba mfuko wa lazima wa akiba ulioanzishwa huko mwaka 1955, pamoja na bodi ya nyumba ya mwaka 1960, umewezesha takribani asilimia 80 ya wakazi kuishi katika nyumba zilizojengwa na serikali. Lakini Singapore ina mambo mawili kwa pamoja: serikali inashikilia sehemu kubwa ya ardhi, na karibu kila mfanyakazi ana mwajiri anayekata makato kila mwezi. Kwetu ardhi yote kisheria ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, lakini mpasua mbao wa Mafinga na muuza viazi wa Uyole hawana mwajiri wa kuwakata chochote. Nusu ya mtambo ipo, nusu nyingine haipo.

Kitu ambacho serikali peke yake inaweza kukitoa, na ambacho mzazi tajiri kuliko wote hawezi, ni kupima na kuandika. Katika Wilaya ya Iringa, mradi uliofadhiliwa na Marekani uliwafundisha vijana wa vijiji wenyewe kupima mashamba kwa simu, mbele ya majirani wote wa mpaka, na hati za kimila zikatolewa kijiji kizima kwa mkupuo. Hiyo ndiyo njia ninayoiona bora kuliko zote zilizotajwa hapa. Gharama kwa kila shamba hushuka, mgogoro huonekana siku hiyohiyo wakati wazee wanaojua mpaka bado wapo, na mke huandikwa pamoja na mume kwa kuwa afisa anauliza mbele ya watu. Mashaka ya baadhi ya wazee kuhusu wapimaji hayanishangazi. Huko Ismani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima tarehe 25 Desemba 1971 katika mvutano wa mashamba wakati wa ujamaa, na mahali penye kumbukumbu hiyo neno kuhusu ardhi linalotoka ofisini husikilizwa kwa sikio moja. Jibu la mashaka hayo ni kupima hadharani, kama ilivyofanyika, na kumwachia mwenye shamba nakala mkononi.

Mzee asiye na pensheni

Mjadala huu mara nyingi hukwama kwa sababu pande mbili hulinganishwa kana kwamba haziathiriani. Muulize mzee wa Tukuyu mwenye umri wa miaka 62 kwa nini hajamkatia mwanawe wa miaka 30 sehemu ya shamba la chai, na mara nyingi jibu halihusu ukali wala uchoyo. Lile shamba ndilo linalomlisha. Hakuwahi kuajiriwa, hana mfuko wowote unaomlipa, na anajua kwamba akishagawa, chumvi yake itategemea hisani ya wakwe. Kijana naye anasubiri, na anaposubiri hajengi, kwa sababu hakuna anayepanda parachichi wala kumwaga msingi katika ardhi ambayo bado ni ya baba. Familia nzima inakaa juu ya mali isiyotumika ipasavyo, kwa kuwa kipande kimoja cha ardhi kinatakiwa kiwe pensheni ya mmoja na mtaji wa mwingine kwa wakati mmoja.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na utaratibu wao wa jambo hili. Wavulana walianza wakiwa na umri wa miaka kumi hivi kujijengea vibanda vyao pembeni, rika moja mahali pamoja, wakaendelea kuongeza nyumba na baadaye kuleta wake humo, na kizazi chao kilipokomaa ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo baba zao waliwakabidhi uongozi na ardhi ikapangwa upya. Mzee alijua siku yake ya kuachia inakuja, na kijana alijua siku yake ya kupokea inakuja. Utaratibu huo ulidhoofika katika karne ya 20, ardhi ilipokuwa haba na kahawa ilipoingia, kwa sababu mwenye miti ya kudumu hahami kumpisha mwingine. Siutamani urudi, maana nafasi ya wanawake ndani yake ilikuwa finyu. Ninachokiona ni kwamba ulikuwa na tarehe, na sisi hatuna.

Serikali inaweza kuirudisha tarehe hiyo kwa kumhakikishia mzee kipato, badala ya kumwelekea kijana peke yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote waliofikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa, na kiasi hicho kimepandishwa hadi 50,000. Tanzania Bara haina malipo ya aina hiyo kwa wote. Fedha hizo si nyingi, lakini mzee mwenye uhakika wa sukari, mafuta ya taa na nauli ya kwenda kliniki hujadili shamba kwa sauti nyingine. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kuongeza fedha katika mikopo ya vikundi vya vijana na kuanzisha malipo madogo ya wazee katika mikoa yenye ardhi ya kurithishana kama hii yetu, ningechagua malipo ya wazee, kwa ajili ya vijana.

Hadi hilo litakapofanyika, mwenye mapato yasiyo ya mshahara anaweza kujiandikisha kwa hiari katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na kuchangia kulingana na mavuno. Mkulima wa miaka 40 anayeanza leo ana miaka 20 ya kuchangia kabla ya miaka 60, na kila mchango wake unapunguza sababu za kumng'ang'ania mwanawe shamba hapo baadaye.

Nani achague nini

Mzazi wa Rungwe, Busokelo au Ileje mwenye ekari chache na watoto wengi asijaribu kumpa kila mmoja shamba. Atoe ardhi kwa wawili au watatu watakaoilima, kwa hati, na sehemu ya wengine aitoe kwa njia ya ufundi au kiwanja katika mji mdogo ambako bei bado haijapanda, na ayaseme hayo mbele ya watoto wote kwa siku moja. Mzazi wa Mufindi au Njombe mwenye ardhi ya kutosha ana nafasi nzuri zaidi: apande miti katika sehemu moja, aandikishe shamba lililobaki, na aunganishe jina la mtoto na msitu tangu mwanzo, ili ada ya dharura isije ikamalizia nyumba ya mwingine.

Mzazi wa mjini Mbeya au Iringa mwenye mshahara, asiye na shamba la kugawa, asimjengee mtoto nyumba nzima. Nyumba iliyojengwa na baba huleta mgogoro wa nani ni mwenye nyumba, na mara nyingi hujengwa mahali ambapo kijana hatapata kazi. Amnunulie kiwanja kilichopimwa, hata kama ni kidogo na kiko mbali, na jina katika hati liwe la kijana tangu siku ya malipo.

Kijana mwenye wazazi wenye ardhi aombe kuandikiwa kabla ya kuomba kuongezewa, na achukue mkopo wa halmashauri kwa biashara inayozunguka haraka, ambayo inaweza kulipa rejesho la kwanza. Kijana asiye na wazazi, au ambaye wazazi wake hawana kitu, ndiye anayeidai serikali jibu la moja kwa moja, kwa sababu hana shamba la kungojea wala ukoo wa kumsemea. Kwake mkopo wa watu watano hautoshi. Vijiji vingi bado vina ardhi ya akiba iliyotengwa katika mpango wa matumizi, na Halmashauri ya Kijiji ina mamlaka ya kuigawa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Aende kwenye mkutano huo na ombi la maandishi, aombe lisomwe na liandikwe kwenye muhtasari, na aondoke na nakala yenye muhuri, kwa kuwa ombi lililotolewa kwa mdomo husahaulika mtendaji anapohamishwa.